Vita vya Jino la Simba Nyuma ya Jiko la Torgunn

Tulieni, enyi mnywao kahawa. Tueni vikombe mnipe masikio, maana nitasimulia vita ambavyo bado havijatungiwa utenzi, nami nilivishuhudia kwa macho haya mawili, jirani niliyekuja kuomba maziwa.

Ilikuwa Julai, mjini Longyearbyen, visiwani Svalbard, karibu na ncha ya dunia. Zamani mbegu ngeni iliyothubutu kufika huku ilikufa kwa baridi kabla ya kujuta. Siku hizi kiangazi kimerefuka, udongo umelegea, na ndipo nyuma ya jiko la Bibi Torgunn, mjane wa mchimba makaa, likachomoza ua la bara, la manjano, ambalo watu wetu huliita Jino la Simba. Vichwa vyake viwili vilikwisha kuota mvi. Upepo wa alasiri ungevuma mara moja tu, mbegu zingetwaa bonde zima, na vijiua vyetu vya kimo cha kidole vingekosa pa kukaa.

Akaja Ingebrigt, bwana mimea, Shujaa wa Brashi, Mpekuzi wa Nyayo, yule yule anayetusimamisha uwanja wa ndege kama wahalifu, tusugue soli zisilete mbegu. Na kwa kuwa huko nyuma hakufikiki ila kwa kupitia jikoni, jemadari akavua viatu mlangoni, kama ilivyo desturi yetu tangu enzi za vumbi la makaa, akaingia na soksi.

"Simama hapo!" Torgunn akanguruma, mwiko mkononi. "Miaka arobaini na miwili sijaona ua nyumbani kwangu. Leo limekuja lenyewe, nawe waitaka roho yake?"

"Bibi, huyo ni adui wa nchi! Ameletwa na viatu vya wazembe wasiojisugua!"

"Ala! Viatu?"

Bibi akatwaa viatu vya shujaa, akavipindua juu ya sahani nyeupe, akavigonga. Pa! Pa! Zikadondoka mbegu tatu za nyasi. Nilitaka kucheka, nikameza.

"Nilikwenda kwa mama, shambani," shujaa akanong'ona, masikio yamemwiva. "Nikasahau."

"Mganga hajigangi!" Kisha bibi akaketi, kama aliyechoka ghafla. "Lakini nikucheke nini? Mume wangu alichimba makaa miaka thelathini, na makaa ndiyo yaliyoipasha dunia moto. Pengine ua hili tumelialika wenyewe. Naona aibu, mwanangu, na bado nalipenda." Akampa upawa. "Kalitoe. Na mzizi ukikatika, utachimba hadi Krismasi."

Shujaa akapiga magoti matopeni, soksi zikalowa, akachimba, akabembeleza, akaapa kwa mababu. Mzizi ukang'ang'ania, mapazia yakaanza kupepea, na bibi akavikata vile vichwa vya mvi, akavidumbukiza katika chupa ya jemu, akakaza kifuniko kwa nguvu za ujana wake. Mzizi ukatoka mzima, shibiri moja na vidole viwili!

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba siku ile, kwa upawa na soksi, ncha ya dunia ilikombolewa, hatua kwa hatua. Mateka yungali dirishani, ndani ya chupa, na Torgunn humsabahi kila asubuhi. Mlangoni pake sasa pana sahani nyeupe, na hakuna apitaye, awe mchungaji au mgeni, bila kugongewa viatu.

Juzi nilirudi. Vyangu vilitoa mbegu nne. Maziwa sikuomba.