Joto, Gundi na Madirisha Yaliyopofuka

“Shangazi, zima feni!”

“Haizimwi!”

“Nataka kufunua nimalizie rangi ya paa. Feni yako inakusanya vumbi la mtaa mzima inakuja kulimwaga juu ya shule yangu!”

“Na wateja wangu niwamwage wapi? Watu wamekaa hapa wanayeyuka kama mishumaa. Shule yenyewe ya kadibodi, haina hata mwanafunzi mmoja wa kupumua!”

Mama Rula alisimama mbele ya feni, taulo shingoni, mikono kiunoni, akiuziba kwa mwili wake ule upepo wa moto uliokuwa ukitoka. Jina hilo kijiwe kilimpa kwa sababu rula haikutoka kwenye mkoba wake. Alikuwa mchora ramani mwenye diploma yake, na mama wa watoto watatu ambao walimfundisha kusema jambo mara moja tu, ila kwa sauti ya kutosha. Nyuma yake, kwenye meza ndefu ya Shangazi Birika muuza kahawa, kulikuwa na beseni kubwa la plastiki lililofunikwa kifudifudi; alidhani Shangazi kafunika asubuhi ile kuzuia vumbi. Chini ya beseni ilikuwemo shule: madarasa manne ya kadibodi, kila ukuta umekatwa kwa kipimo, kila dirisha mahali pake. Aliyajenga hapo hapo kijiweni kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa na meza ambayo watoto hawajaigeuza uwanja wa mpira.

Alasiri ile wazazi walikuwa wakutane shuleni kuchagua. Ama madarasa mapya yajengwe kwa mchoro wa Mama Rula, wenye paa la juu na madirisha mapana pande zote mbili, ama kwa mchoro wa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mkandarasi. Huyo kijiwe kilimwita Bati. Kila alichojenga, kiwe zahanati au choo, alikiezeka bati la chini kiasi kwamba mtu mrefu akiingia lazima asalimie kwa kuinama. Na Bati mwenyewe alikuwepo pale pale kwenye benchi, miguu ameinyoosha, akijipepea usoni kwa mchoro wake.

“Shemeji,” alisema, “hata mimi naungana na Shangazi. Feni ibaki.”

“Wewe nyamaza. Madarasa yako hayana hata pa kuichomeka hiyo feni.”

“Tulieni, tulieni, sikilizeni hii,” alidakia Redio, kinyozi wa kibanda cha jirani, ambaye simu yake ilipata habari kabla ya wenye habari. Aliinyanyua juu kama refa anayetoa kadi. “Watu wa hali ya hewa wanasema joto na unyevu vitaendelea wiki nzima. Wananchi wanashauriwa wanywe maji mengi na wakae mahali penye hewa ya kutosha.”

“Wametaja mahali penyewe?” aliuliza Shangazi Birika.

Redio aliteremsha macho kwenye simu, akayapandisha tena. “Hawakutaja.”

“Basi hawajashauri. Wametusalimia tu.”

Benchi zima likacheka. Cheche, kijana mchomeleaji mageti, alikamua fulana yake kana kwamba ndiyo kwanza imetoka kwenye ndoo. “Joto gani hili jamani? Asubuhi nimefungua bomba ninawe uso, nikadhani Shangazi kahamishia kahawa huko.”

“Afadhali wewe,” alisema Redio. “Jana nimemnyoa mtu, kabla sijafika kisogoni, utosini zimeshaota tena. Unyevu huu ni mbolea.”

“Ungemlipisha mara mbili.”

“Nilijaribu. Akasema na yeye anipige mara mbili.”

Mama Rula hakucheka, ingawa mdomo ulimchezacheza. Wiki nzima alikuwa amepigana na hali hiyo hiyo. Paa la kadibodi lilivuta unyevu likavimba upande mmoja kama shavu lenye jino bovu, akalikandamiza kwa vitabu vya wanawe mpaka likanyooka. Miti aliyoikata kutoka kwenye sifongo la kuoshea vyombo ilikataa kukauka rangi, ikawa kila anayeipita anaondoka na majani kiwikoni. Siku moja tone la jasho lilimtoka puani likatua darasa la pili na kung’oa safu nzima ya madawati. Toka hapo alifanya kazi amejifunga taulo kichwani kama mtu anayeumwa meno.

Kilichomsukuma ni kitinda mimba wake. Mtoto alikuwa akisomea kwenye madarasa ya zamani, ya bati la chini, na mwezi uliopita alirudi nyumbani daftari la hesabu limelowa jasho, majibu yote yamechujuka. Mwalimu naye, macho yakimwasha kwa jasho lake mwenyewe, alimpa sufuri kwa majibu ambayo hakuna aliyeyaona. Mama Rula alikwenda shuleni kugomba, akakuta mwalimu anafundisha akiwa amesimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Akarudi nyumbani bila kugomba, akachukua kadibodi.

“Shangazi yangu,” alisema sasa, sauti ameishusha, “dakika chache tu. Nipake ukingo wa paa, halafu washa hata feni mbili.”

Shangazi Birika aliguna, akaibonyeza swichi kwa kidole kama anayemfinya mtoto mtukutu. Feni ikazunguka, ikachoka, ikasimama. Jasho likaanza kuwatoka watu papo hapo, hata waliokuwa wameshamaliza la kwao.

“Haya, mwanangu, fanya haraka kabla sijabadili mawazo.”

“Mimi mnishukuru,” alisema Cheche akijipiga kifua. “Jana jioni nilipita hapa nikaona shule imeachwa wazi, vumbi linacheza. Nikachukua beseni, nikafunika, nikaweka na tofali juu. Hata hewa haikupita.”

“Umefanya vizuri, mdogo...” Mama Rula aliishia hapo. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye beseni. “Umesema hata hewa haikupita?”

“Hata kidogo, dada yangu. Mimi nikifunika, nimefunika.”

Aliliweka tofali kando, akalinyanyua beseni.

Paa lilikuwa zima. Kuta zilikuwa zimesimama wima. Lakini madirisha, yale aliyoyakata kwenye majalada maangavu ya faili na kuyabandika moja baada ya jingine akiwa amezuia pumzi, yote yalikuwa meupe. Hakuna hata moja lililoonyesha ndani. Shule nzima ilikodoa macho yasiyoona.

Shingo zote za benchi zikarefuka kuchungulia. Bati ndiye aliyeanza, naye alianza taratibu, kwa kicheko cha puani.

“Pole, shemeji. Shule yako imeshikwa na mtoto wa jicho.”

“Cheche!” Mama Rula aligeuka. “Cheche, njoo hapa!”

“Naja lakini nasimama mbali.”

“Hii gundi niliyotumia, ile kali inayogandisha vidole, ikikauka inatoa mvuke. Ukipata pa kutokea, unakwenda zake. Ukiufungia ndani na unyevu kama huu, unarudi kuganda kwenye plastiki. Niliiacha wazi makusudi!”

“Sasa ningejuaje? Mimi nachomelea mageti. Geti halijawahi kupofuka.”

“Madirisha yasuguliwe kwa dawa ya meno,” alishauri Redio. “Taa za gari zikififia watu husugua kwa dawa ya meno.”

“Itiwe kwenye friji,” alisema Shangazi Birika.

“Shule iingie kwenye friji?”

“Si wanalalamika joto?”

Mama Rula alijaribu kitambaa chenye maji kwenye dirisha la pembeni. Halikubadilika. Cheche, kwa kutaka kulipa kosa, alichomoa mfukoni kichupa cha dawa ya kuondolea rangi, akachovya kidole na kukipitisha kwenye dirisha la pili kabla hajazuiwa. Plastiki ikajikunja, ikalegea, ikaning’inia kama ulimi wa mbwa aliyekimbia.

“Toa mkono!”

“Nimetoa.”

“Toa na mwili!”

Bati sasa alikuwa amesogea, ameinama juu ya meza, mchoro wake kwapani. “Mimi nisingejisumbua, shemeji. Wapelekee hivyo hivyo. Waambie ni vioo vya kisasa, vya kuzuia watoto wasichungulie nje. Halafu mimi nikitandika karatasi yangu, wanachagua, tunarudi nyumbani tukalale. Darasa langu halina mambo mengi. Kuta nne, kidirisha kidogo cha kioo kisichofunguka, bati. Mwizi haingii.”

“Hata hewa haipiti,” alisema Cheche, kwa kupenda tu kuchangia.

Mama Rula alikuwa ameshalishika beseni alirudishe chini ya meza. Alilitazama, akautazama mchoro kwapani mwa shemeji yake, akaliweka beseni mezani kwa kishindo.

“Shemeji, lete hiyo karatasi yako.”

“Ya nini?”

“Lete.”

Aliitandaza kando ya modeli. Kuta nne, kidirisha, bati la chini. Akaligonga beseni kwa kifundo cha kidole.

“Mnaona hili beseni? Hili ndilo darasa la Bati. Tumeshalijaribu usiku kucha, bila kutaka. Kilichofungiwa ndani hakikutoka, kimewapofusha waliomo. Na huu ni mvuke wa gundi kidogo tu. Weka humo watoto hamsini wanaotoka jasho.”

“Usinisingizie beseni, shemeji! Na madirisha yako je? Si ya kioo vile vile?”

Hapo alipatikana. Kila mtu alijua, na yeye alijua zaidi. Mchoro wake wa kwanza haukuwa na kioo hata kimoja. Ulikuwa na madirisha wazi yenye nondo, yametazamana, na paa lililotokeza nje kuzuia mvua. Kwenye mkutano uliopita Bati alisimama akasema shule isiyo na vioo ni banda la kuku, wazazi wakacheka, na Mama Rula, ambaye hubishana hata na mizani ya sokoni, siku hiyo alichoka. Akaenda nyumbani akaongeza vioo.

“Ulisema banda la kuku,” alisema.

“Nilisema, na nitasema tena.”

“Na mimi nikakusikiliza. Cheche kafanya kosa dogo. Kosa kubwa lilikuwa langu, la kukusikiliza wewe.” Alichukua kisu chake cha kukatia kadibodi, akaingiza ncha pembeni mwa dirisha la kwanza na kulisukuma. Likatoka na mlio mdogo, tak. Akaliendea lililotazamana nalo. Tak. “Shangazi, kikombe kimoja, kinachofuka.”

Shangazi Birika alimimina bila kuuliza. Mama Rula aliweka kikombe nje ya dirisha moja, akamwita Redio.

“Puliza. Taratibu. Wewe ndiye upepo.”

“Taratibu sijazoea,” alisema Redio, lakini alipuliza. Mvuke wa kahawa ukainama, ukaingia dirishani, ukapita juu ya madawati, ukatokea upande wa pili na kumpiga Bati usoni.

“Ah! Unanichoma!”

“Basi umepita,” alisema Shangazi Birika. “Sasa puliza kwenye yale yaliyozibwa.”

Redio alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mvuke uligonga plastiki nyeupe, ukasambaa, ukamrudia mwenyewe puani. Akapiga chafya, na darasa la tatu likapoteza mti.

“Nina wajukuu wawili pale shuleni,” alisema Shangazi Birika polepole. “Mwanangu, uking’oa vioo vyote, mvua itafanyaje?”

“Paa limetokeza nje kiasi hiki. Italiogopa.”

“Wezi?”

“Nondo!” alipaza Cheche. “Nondo nachomelea mimi!”

“Na wazazi wakicheka tena?”

Mama Rula alijifuta uso kwa taulo, akatazama madirisha meupe yaliyobaki, kisha saa ya ukutani. “Watacheka. Wakimaliza kucheka nitawapa kikombe kinachofuka, kila mmoja apulize mwenyewe. Vioo vinatoka. Vyote. Sasa hivi.”

Hakungoja kura. Alianza upande wa kushoto, tak, tak, tak, na Redio akajiunga kwa ncha ya kitana chake cha kinyozi, na Shangazi Birika kwa mpini wa kijiko. Cheche alikatazwa kugusa kitu chochote kinachoitwa dirisha, kwa hiyo akakaa pembeni akavunja njiti za kibiriti na kuzipanga ziwe nondo, ulimi umemtoka kwa umakini. Njiti za mwanzo zilibandikwa kwa gundi nyeupe ya shule, ile isiyo na makuu. Za mwisho zilishikwa na jasho lake tu. Vipande vyeupe vilirundikana mezani kama magamba ya samaki. Bati alisimama juu yao akihesabu hasara za watu wengine.

“Mnaharibu. Mnaharibu kabisa. Hata sura imepotea.”

Lakini sura haikupotea. Lilipotoka dirisha la mwisho, ungeinama ungeona kutoka ukuta huu mpaka ule, madawati yote, hadi mtaa uliokuwa upande wa pili na mtu anayepita na ndoo.

“Shika kona,” Mama Rula aliamuru. Ubao uliobeba shule ulikuwa na pembe nne. Yeye akashika ya mbele, Cheche ya pili ya mbele, Redio ya nyuma, simu kinywani. Shangazi Birika tayari alikuwa anafunga chupa ya kahawa na kubeba vikombe. Ikabaki pembe moja.

“Shemeji!”

“Mimi? Nibebe shule inayonipinga?”

“Inainamia upande wako. Ikianguka nitamwambia kaka yako ulisimama ukatazama.”

Bati alishusha pumzi ndefu, akakunja mchoro wake akautia mfukoni, akashika. Wakatoka kwenye jua kali, wanne wakienda upande upande kama kaa, Shangazi mbele akiwafukuza watu njiani.

“Kura yangu ni yangu,” alisema Bati, jasho likimtiririka mpaka kidevuni.

“Ni yako. Inua.”

Wakavuka barabara. Wakapita kibanda cha Redio. Bati alikuwa akilichungulia lile paa la juu kwa jicho la mtu anayepima kitu sokoni.

“Shemeji.”

“Nini tena?”

“Paa refu namna hii litakula mbao nyingi sana.”

“Sana.”

“Hizo mbao... mmeshampata wa kuzileta?”

“Inua kona yako, shemeji,” alisema Mama Rula bila kugeuka. “Tutaongea baada ya kura.”

Bati akainua juu kuliko wote.