Televisheni ya Bure

Jumatatu, 10 Mei 2010

Mimi mtu wa bahati. Sijisifu, naandika tu kilichopo. Nimepita Durban, nimepita Dubai, nikaangukia hapa Brampton, na kila nilipokanyaga nilikuta bahati imeshafika, imevua viatu, inaningoja. Leo nimeteremka basi kituo kisicho changu. Mbele ya macho yangu, benki. Dirishani wameandika: hamishia mshahara wako kwetu, uchukue televisheni. Ya bapa. Bure. Sharti lao mshahara uingie kabla ya Mei kwisha. Na Kombe la Dunia linaanza mwezi ujao, Afrika kwetu! Nikaingia na buti za kazini. Nimetoka na akaunti na kalamu mbili.

Asumpta, mke wangu, akauliza akaunti ya zamani ina kosa gani. Nikamwambia haina televisheni. Akasema sawa, Baba Sara, ila tarehe moja Juni chuo wanakata awamu ya kwanza ya ada yake, nisije nikaichezea. Miaka minne anawaosha wazee wa watu kule Mississauga akingoja hiyo nafasi ya uuguzi. Nikamwambia alale usingizi. Chuo nao nimewapa namba mpya ya akaunti.

Jumatano, 12 Mei

Nimempigia mama wa mishahara, ofisi kuu. Sijawahi kumwona. Anaongea kama mtu anayewahi ndege. Nikampa namba yangu ya kazi. Nikampa namba ya akaunti. Akauliza kitu kingine, na forklifti ya kunyanyulia katoni ikapita nyuma yangu inalia. Nikajua ni jina. Hawa watu jina langu lazima waliulize mara mbili. Nikamjibu kwa sauti ya mwenye mali: Januari. Akauliza nina uhakika? Nikamwambia nina uhakika tangu kuzaliwa. Akasema haya, itakuwa kama ninavyotaka.

Mambo ya ofisi ni kujiamini tu. Wenzangu wamesoma mpaka wakaota vipara. Mimi na darasa langu la saba nimemaliza kwa simu moja.

Jumapili, 16 Mei

Baada ya misa nimetangaza: Watanzania, Wakongo, Warundi, mpira wote ni kwangu, chini kwa Khatijabai, tulikopanga. Gaspard akacheka. Huyu Gaspard ni wa Bukavu, ana televisheni nene yenye mgongo kama friji, na kwa sababu hiyo anajiona waziri. Akasema, "Januari, ndugu yangu, fransheman, kusema kweli, benki itakupa wewe kitu ya bure? Wewe iko nani?" Watu wakacheka. Padri naye alicheka, nilimwona. Nikamwambia Gaspard aje na kiti chake.

Alhamisi, 20 Mei

Nimefunga akaunti ya zamani. Dada wa dirishani alinishauri ningoje kwanza mshahara uhamie. Nikamwambia mimi nikihama nimehama. Hela iliyobaki nimenunulia meza ya televisheni. Ya kioo. Sara, binti yetu, akaizunguka, akaniuliza, "So where's the TV, Dad?" Nikamwambia hujui mipango wewe.

Khatijabai, bibi wa Kihindi mzaliwa wa Mwanza, mwenye nyumba anayekaa juu yetu, ameshuka kutazama. Akaipapasa ile meza. Akasema, "Nzuri, mwanangu. Hewa itakaa vizuri hapa."

Ijumaa, 28 Mei

Siku ya mshahara. Asubuhi akaunti kimya. Mchana kimya. Jioni nimekwenda kwenye mashine ya benki, nikaingiza kadi, nikatoa, nikaifuta kwenye suruali, nikaingiza tena. Kimya. Asumpta kauliza mshahara umeingia? Nikasema uko njiani. Si uongo. Kila kitu kiko njiani.

Jumatatu, 31 Mei

Mama wa mishahara anasema mshahara wangu umepelekwa akaunti ya zamani. Akaunti ya zamani haipo, kwa hiyo umerudishwa, na mpaka waandike hundi ni wiki mbili. Nikauliza, sasa tulikubaliana nini? Akasema aliniuliza tuhamishe lini, nikajibu Januari. Nikamwambia Januari ni mimi. Akasema hapana, bwana, Januari ni mwezi.

Nimekaa ghalani juu ya katoni za biskuti muda mrefu. Marehemu baba alinipa jina hili kwa furaha, nilizaliwa mwaka mpya. Hakuwaza mambo ya forklifti.

Televisheni imekwenda. Hiyo si kitu. Kesho ni tarehe moja.

Jumanne, 1 Juni

Chuo wamejaribu kukata ada kwenye akaunti isiyo na kitu. Wamempigia Asumpta akiwa kazini. Ijumaa ndiyo mwisho. Asipolipa, nafasi anapewa mwingine, yeye angoje mwaka ujao na apange foleni upya.

Nilijiandaa kwa matusi. Nilishayapangia majibu. Hakutukana. Alivua sare, akaikunja, akakaa kitandani. Akasema, "Baba Sara, nimeshika miguu ya wazee wa watu miaka minne. Wewe umenunua meza." Basi. Afadhali angenirushia kitu.

Alhamisi, 3 Juni

Nimejaribu kuirudisha meza. Hawapokei, ina alama za vidole. Ni za Khatijabai.

Ikabaki kwenda kwa Gaspard. Dunia nzima ina watu na mimi nikabaki na Gaspard! Nikapiga mlango. Alifungua kidogo tu, akasimama pale kama polisi. Nikamweleza yote, simu, forklifti, mwezi. Nilidhani atacheka. Akatazama chini. Akasema niingie.

Kwenye korido, boksi. Televisheni. Ya bapa. Haijafunguliwa.

Gaspard akajikuna shingo. Akakiri kwamba baada ya ile misa alikwenda benki kimyakimya, akahamisha mshahara, wakampa. Alikuwa anaificha kwa aibu, kwa vile alinicheka mbele za watu. Nilitaka kumkaba. Nilitaka pia kumkumbatia, maana inaonyesha mpango wangu ulikuwa mzuri.

Nikamwambia shida yangu ni ada ya Asumpta, si mpira. Hakungoja nimalize. Akashika ncha moja ya boksi, akasema, "Beba. Mama yangu alikufa musafi juu ya mikono ya Asumpta, na hakutuomba hata soda." Tukabeba mpaka kwa Khatijabai. Yule bibi alitukamua kama machungwa: boksi limebonyea, rimoti ndogo, sisi wawili tuna sura za wezi. Mwisho akanunua. Nikampa meza juu, bure, kwa uchungu.

Asumpta alizihesabu zile hela mara mbili, zikatosha ada. Kisha akamwambia Gaspard asante, shemeji. Mimi akaniambia nikaoge.

Ijumaa, 11 Juni

Asumpta ameitwa chuoni leo kupimiwa sare. Ametoka nyumbani anaimba. Hajaniimbia mimi, lakini nyumba ni ndogo, nimesikia.

Mechi ya kwanza tumekwenda kuitazamia juu kwa Khatijabai, mimi, Gaspard na nusu ya parokia, viatu tumeviacha mlangoni. Televisheni yangu, meza yangu. Akasema tusubiri kwanza tamthilia yake iishe, bibi harusi yuko karibu kunywa sumu. Bibi harusi amekaa na kikombe mpaka kipindi cha pili. Bao la kwanza tulilisikia kwa jirani.

Katikati ya sumu Gaspard akaninong'oneza. Kuna benki nyingine, upande wa pili wa barabara, ukihamishia mshahara wanatoa baiskeli. Nikamuuliza ya gia? Ya gia. Jumatatu tunakwenda. Safari hii simu nitaipigia chooni, pasipo forklifti. Asumpta hahitaji kujua, ana masomo.