Kuku Mtoro Kaporomoka Sokoni

Injinia alifika kijiweni bila salamu, akajitupa kwenye benchi mbele ya saluni ya Wembe, akasema:

"Kuku wangu haonekani."

"Kaibiwa?" akadakia Mama Vocha. Huyu anauza vocha na kusajili laini za simu, na meza yake kaisogeza mpaka inagusana na benchi letu ili asipitwe na neno.

"Hajaibiwa, kaporomoka. Jana alikuwa ukurasa wa kwanza wa soko. Leo nimefungua, nimeshuka, nimeshuka mpaka kidole kimechoka. Nimemkuta chini ya gemu ya kupanga sahani!"

Wewe uliyekuja juzi hapa nikueleze, maana najua utauliza. Injinia si injinia. Anachomelea mageti kwenye karakana ya kaka yake, na muda uliobaki anatengeneza gemu. Katengeneza moja peke yake, inaitwa Kuku Mtoro: kuku kasikia wageni wanakuja, anatafuta njia ya kutoroka jikoni kabla kisu hakijanolewa. Kaiweka kwenye soko la mtandaoni ambako watengenezaji wadogo wasio na kampuni huuza gemu zao. Kule hakuna muuza duka anayepanga bidhaa. Kuna mtambo, ndio unaoamua nani akae mlangoni aonekane na nani atupwe stoo. Na kaka mtu kishasema: mwisho Jumatatu. Kama kuku haendi popote, Injinia arudi karakana kutwa nzima na habari ya gemu iishe.

Spika akakohoa. Huyu ni karani mstaafu. Tunamwita Spika kwa sababu anampa mtu nafasi ya kusema, halafu anaitumia yeye.

"Hii ni hujuma," akasema. "Wakubwa wameona kijana anapaa, wakamkata mbawa. Adui wa mtu ni mtu!"

"Si mtu, Spika, ni mtambo."

"Na mtambo kautengeneza nani? Mbuzi?"

"Mimi naona kijicho," akasema Dokta. Dokta anauza viatu, lakini hakuna ugonjwa asioujua. "Dalili zake ndizo hizi: jioni uko juu, asubuhi hupo. Hiyo picha ya kuku ulimwonyesha nani?"

"Dunia nzima, Dokta. Si ndiyo maana ya soko?"

"Basi hapo ndipo ulipokosea."

Wembe akachungulia mlangoni, mashine ya kunyolea mkononi, mteja wake kabaki ndani na nusu kichwa. "Labda upya umeisha. Kila kipya kinyemi."

"Hilo lipo," Injinia akakubali. "Ukiingia mgeni, mtambo unakusogeza mbele kidogo watu wakuonje."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema Mama Vocha.

"Ndiyo, na jembe lenyewe ni hili: aliyeona picha kabonyeza? Aliyebonyeza kacheza? Aliyecheza karudi kesho yake? Watu wakiingia na kutoka kama waliokosea choo, mtambo unajua hapa hamna kitu, unakushusha."

"Lakini nyota si unazo!" Wembe akasema, tena haraka mno kwa mtu aliyekuwa ananyoa.

"Ndicho kinachoniumiza kichwa. Wiki hii nyota zimemiminika, tano tano, na sifa kedekede. Nilimwita mama nikamwonyesha. Nikamwambia, mama, kuna watu wasionijua wanaipenda kazi yangu. Mama akalia, jamani."

Mama Vocha akaanza kupanga vocha zilizokwisha kupangwa. Mimi nikatazama viatu vya Dokta kama vile nataka kununua. Lakini Spika siri haikai naye, humtoka kama chafya.

"Mwanangu," akasema, kifua mbele, "penye wengi hapaharibiki jambo. Hao wasiokujua wanakujua sana."

"Akina nani?"

"Sisi hapa! Kampeni tumeifanya sisi! Mimi nimesajili ukoo mzima. Hata mjukuu wangu anayenyonya kaandika: Gemu safi sana, endelea kuchapa kazi."

"Mimi nimeandika, Gemu hii imeniponya mgongo," Dokta akaongeza, hakutaka kupitwa. "Nimeituma kwa majina ya wateja wangu, waliopo na waliotangulia mbele ya haki."

"Kila aliyeniletea simu nimsajilie laini," akasema Mama Vocha, "kabla sijamrudishia nilimpitishia nyota tano. Wengine mpaka leo hawajui kama wanampenda kuku."

"Na waifai yote ya saluni," akasema Wembe. "Niliwafungulia bure."

Usinitazame hivyo. Ndiyo, na simu ya mke wangu ilihusika.

Injinia alitutazama mmoja mmoja. "Wote kwenye waifai moja?"

"Umoja ni nguvu!"

"Benchi moja, wiki moja, maneno yale yale!" Akashika kichwa. "Mtambo unafikiri ninajinunulia sifa! Hakuna mkubwa aliyenihujumu. Nimeshushwa kwa sababu yenu!"

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Dokta kwa huzuni, kisha akajikagua shati.

"Haya, niambieni jambo moja tu. Nani kamfikisha kuku dirishani?"

Mama Vocha akamtazama Dokta, Dokta akamtazama Spika.

"Nani kamtoa hata chini ya meza?"

"Kwani kuna meza?" akauliza Wembe.

"Hamjacheza! Hata mmoja! Mnaingia, mnatupa nyota, mnatoka!"

"Kwani nyota zinatolewa kabla au baada?" Mama Vocha akauliza, na nakuapia, aliuliza kwa moyo safi.

"Mwanangu, usikuze mambo," akasema Spika. "Hata msibani tunamsifia marehemu tusiyemjua, na hakuna marehemu aliyewahi kulalamika."

"Kwa sababu marehemu hasubiriwi karakana Jumatatu!" Injinia akainuka. "Nakichukia kile chuma, Spika. Nikitoka pale macho yananiwasha kama yamejaa mchanga. Hii gemu ndiyo kazi pekee niliyoifanya bila kusukumwa na mtu." Akapumua. "Sasa nawaomba. Nitawaandikia wenye soko niwaeleze ukweli, huenda mtambo ukapoa. Nyinyi nyota msiziguse. Hata moja! Anayetaka kunisaidia acheze. Acheze tu, basi."

Simu yake ikalia. "Kaka huyo," akasema, akaenda kuongelea nyuma ya saluni, mbali na kelele zetu.

Hajafika kona, Spika kafungua kikao cha dharura.

"Mmemsikia. Kijana kachanganyikiwa. Ni wajibu wetu kumsaidia."

"Kasema tusiguse," nikamkumbusha.

"Mgonjwa haulizwi achomwe sindano wapi," akasema Dokta.

"Tutumie akili," Spika akaendelea. "Tatizo ni nini? Sifa zimefanana. Dawa ni nini? Zisifanane! Binadamu wa kweli hasifu tu, anatukana pia. Kila mtu apunguze nyota zake, abakishe moja, na aweke lawama ya maana. Mtambo ukiona matusi utajua hawa ni watu."

Sijawahi kuona kijiwe kinachapa kazi namna ile. Tungekuwa hivi kwenye shughuli zetu, tungekuwa mbali. Dokta akaandika: Mgongo umerudi. Mama Vocha akaandika: Kuku hana adabu kwa wageni. Mjukuu wa Spika, aliyelala kwao wakati huo na chupa yake ya maziwa, akaandika: Nimesikitishwa sana na ubora wa gemu hii. Wote kwenye waifai ya Wembe, maana nje ya pale nani ana bando?

Injinia akarudi mbio, meno nje.

"Jamani, kaka kalegea! Nimemwambia ukweli wote. Kasema kama gemu yenyewe ni nzuri ataniongezea miezi. Anafungua sasa hivi ajionee mwenyewe!"

Wembe alirudi ndani kumalizia kile kichwa, kwa mara ya kwanza bila kukumbushwa.

Simu ikalia tena. Injinia akasikiliza, tabasamu likamfifia polepole.

"Kaka anauliza," akasema, "mgongo umerudi maana yake nini?"

Spika akaanza kueleza nadharia yake ya matusi. Injinia hakumsubiri. Alifungua soko, akasoma moja, akasoma ya pili, akafuta macho kwa mkono, akasoma ya tatu. Alipojaribu ya nne ukurasa ukagoma. Akajaribu tena. Kuku Mtoro hakuwa ukurasa wa kwanza wala wa mwisho. Wenye soko walikuwa wameiondoa.

Hakutukana, na heri angetukana. Aliweka simu mfukoni, akasema, "Naam, kaka, nakuja," ingawa simu ilikwisha katwa, akashika njia ya karakana.

"Hana shukrani," akasema Spika, kijana alipokwisha kupotea kona. "Tumempa tano, hakutaka. Tumempa moja, hakutaka. Vijana wa siku hizi wanataka ngapi?"

Tukawa tunajiandaa kutawanyika, ndipo kicheko kikatoka saluni. Wembe alikuwa kaegemea kiti, simu mkononi, mteja kaacha kunyolewa na yeye kainamia ile simu. Gemu aliyoipakua siku ya kutupa nyota ilikuwa bado imo. Kilichokwisha pakuliwa soko halikunyang'anyi. Kuku alikuwa kajifunika sufuria, anatambaa kuelekea dirishani, na kila mpishi akigeuka sufuria linasimama tuli.

"Ngoja, ngoja, anageuka!" mteja akapiga kelele.

"Pita chini ya meza!" akasema Mama Vocha, vocha zake kaziacha nje bila mlinzi.

"Si huko! Kulia, kulia!" Dokta alikuwa kapanda juu ya kiti. Mimi nilikuwa nimemshika bega mtu nisiyemjua.

Kuku akafika dirishani, akamtazama mpishi, akaruka. Tulishangilia mpaka majirani wakatoka nje. Kwa mbali mashine ya kuchomelea ikaanza kunguruma. Spika akafuta machozi ya kucheka, akatikisa kichwa.

"Mnaona tatizo la yule kijana?" akasema. "Usiri. Gemu tamu namna hii, kwa nini hakutuambia tucheze?"