Kuku Wetu Wanakula kwa Gatimu

Jumatatu, 3 Februari

Magdaline ameondoka asubuhi kwenda Kutus. Binti yetu Anita amejifungua mtoto wa kiume, na lazima apikiwe uji na mama yake. Kuku wake wa kienyeji ameniachia mimi. Kumi na wawili, na jogoo. Mchana kutwa wanatembea huru, jioni wanarudi bandani.

Maagizo: niwafungulie umande ukikauka, niwawekee maji, na jioni niwaite niwarushie kiganja kimoja cha mahindi mlangoni pa banda. Basi. Nilimkumbusha kwamba nilikuwa karani wa ushirika hapa Mweiga hadi nikastaafu. Akasema kuku hawajui kusoma.

Tumekubaliana. Akirudi akikuta kuku wote wako sawa, shamba la chini kando ya mto ni langu, nipande vitunguu saumu. Akikuta mambo yameharibika, anapanda viazi kama kila mwaka. Shamba hilo nalitaka sana. Tangu yale mambo ya kware, niliowanunua kwa akiba yetu wakakosa soko, hajaniachia hata kona ya kupanda dania.

Jumanne, 4 Februari

Kiangazi. Nyasi zimekauka, kuku wanaparua vumbi tu. Kwa jirani yetu Gatimu mboga za sukuma wiki ni kijani kibichi, maana anamwagilia. Ndiye mwenyekiti wa mradi wa maji. Cheo hicho tulikigombea pamoja. Nilipata kura yangu na ya Magdaline, na ya Magdaline sina hakika nayo.

Wazo limenijia nikinywa chai. Nimechukua panga nikatoboa ua wa miiba, chini kabisa, tundu la kumtosha kuku. Wamepita mmoja mmoja, kwa utulivu, kama wanaenda kutoa sadaka.

Jioni wamerudi wameshiba. Mahindi sikuwapa. Aliyekula kwa jirani mchana kutwa hana haja ya chakula cha jioni. Magdaline amefuga kuku miaka yote hii bila kuliona jambo hilo. Namhurumia.

Jumatano, 5 Februari

Viota vitupu. Hakuna yai hata moja. Nimeshuku panya, kisha nguchiro, kisha jogoo.

Mchana Shiro, mke wa Gatimu, ameniletea chapati na mayai ya kukaanga. Amesema mwanaume akiachwa peke yake hukonda. Mayai matamu, kiini cha manjano kabisa. Nimemwambia bila wivu kwamba kuku wao wanataga vizuri kuliko wetu, na kwamba Magdaline angefaa aje ajifunze kwao. Ameshukuru.

Jioni, nikiosha sahani, nimekumbuka kwamba Gatimu hafugi kuku.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeenda kwake nikiwa nimevaa koti. Gatimu hakubisha. Amenionyesha kikapu cha nyasi alichoweka chini ya ghala, ati ili wasitage katikati ya sukuma. Kisha amenionyesha mstari wa sukuma uliobaki vijiti. Amesema kuku wanachukua sukuma, yeye anachukua mayai, na hana neno na mtu. Tena jioni Shiro huwarushia mahindi kidogo kabla hawajarudi kwetu, maana huonekana kama wanangoja kitu.

Upole wake umenichukiza. Mtu mkali angalau unaweza kumpeleka kwa chifu.

Nimerudi moja kwa moja nikaliziba tundu. Matawi ya miiba, mawe, waya juu yake. Kazi safi. Nikasimama kuitazama. Ndipo nikamsikia jogoo akiwika, upande wa pili.

Wamelala kwa Gatimu. Wote.

Ijumaa, 7 Februari

Nimelizibua tundu. Hakuna aliyekuja.

Kwa wazee wa huku kwetu, kuku ni mambo ya wanawake. Mwanaume huulizwa habari za ng'ombe. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kunifundisha kuwaita. Lakini nimefikiri: wanamjua Magdaline kwa sauti na kwa kitambaa chake cha kichwani. Nimejifunga kitambaa hicho, nikavaa aproni yake, nikasimama penye ua nikiita kwa sauti nyembamba.

Jogoo alichungulia tunduni. Akanitazama kwa muda. Akarudi alikotoka.

Nilipogeuka, akina mama wa kanisani walikuwa barabarani wakienda maombini. Wamenisalimia kwa heshima. Mmoja ameuliza kama Mama Anita yuko salama.

Jumamosi, 8 Februari

Magdaline amepiga simu. Anarudi wiki ijayo. Ameuliza kuku wako aje. Nimesema wana afya nzuri, na hilo ni kweli.

Mpango mpya. Nimemwendea Gatimu na uso wa majonzi nikamwambia daktari wa mifugo amepata kuku wetu wana kideri, ugonjwa wa kumaliza boma zima, na mayai yao hayafai kuliwa. Nilitarajia awafukuze kabla ya chakula cha mchana.

Hakuwafukuza. Shiro amewakatia shubiri ndani ya maji yao ya kunywa. Na Gatimu, kwa moyo wake mwema, amempigia Magdaline kumpa pole.

Jumapili, 9 Februari

Magdaline amefika kabla ya watu kutoka kanisani. Hata mkoba hakuuweka chini.

"Ati kuku ziko na kideri, Baba Anita? Nani amesema?"

Nikasema ni yule daktari wa siku zote.

"Yule alikufa mwaka juzi. Tulienda matanga pamoja."

Akachukua mahindi kwenye kifuniko cha sufuria, akakitikisa, akaita mara moja. Wamekuja mbio, wengine kwa tundu, wengine juu ya ua. Hata Gatimu alitoka kutazama. Magdaline ameniuliza kama jioni niliwapa mahindi. Nimemweleza kuhusu kubana matumizi.

Ameenda kwa Shiro, wamekunywa chai kwa muda mrefu. Aliporudi mambo yalikuwa yamekwisha. Shamba la chini amempa Shiro apande sukuma msimu huu, kufidia ile iliyoliwa. Kesho yeye anarudi Kutus, na kuku wataangaliwa na Shiro.

Nimeumia, sifichi. Nilikuwa nimeshaviona vile vitunguu saumu vikiwa kwenye mistari. Chakula cha jioni kimenishinda.

Jumatatu, 10 Februari

Magdaline ameondoka. Nimeteremka shamba la chini kujiliwaza. Gatimu na Shiro walikuwa wameshavuta mpira wa maji, wanapanda miche. Nimewasalimia vizuri. Nimewashikia hata kamba.

Nikiwa pale nimeona jambo ambalo wenzangu wote wamelipita. Sukuma ya Gatimu sasa iko upande wetu. Hakuna ua katikati. Hakuna kutoboa, hakuna kuziba, hakuna mtu wa kulalamika kwamba kuku wamevuka. Wakishajua njia, watashuka wenyewe.

Walipoenda kunywa chai nimewabeba kuku wawili kwapani nikawapeleka kuonyeshwa njia.