Ombi la Kurudishiwa Kichwa cha Simba wa Sigiriya

Inamaluwa,
14 Mei

Kwa Msimamizi wa Mwamba wa Sigiriya,

Bwana Msimamizi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, kuanzia kichwani. Mimi ni Tilakasiri Ekanayake, muuza mtindi wa nyati kando ya barabara ya kuja kwenu. Naandika kwa heshima, shajara yangu ikiwa mezani, kulalamika kwamba simba wenu wa matofali, yule wa lango la kupandia kileleni, amevuruga posa ya binti yangu Dulanjali.

Nyota za binti yangu na za kijana Thusitha wa Kurunegala zilipatana vizuri, isipokuwa sayari ya Mirihi, ambayo ilikaa vibaya. Mnajimu wetu, Mzee Punchirala, akatoa dawa: kabla ya uchumba kufungwa, wawili hao wapite pamoja ndani ya mdomo wa simba wa Sigiriya, asubuhi, katika saa ya heri aliyotuandikia. Pande zote mbili tulikubali kwa furaha. Sisi wa hapa husema "kwa simba" kama mtu anavyosema "kwa fundi", na hakuna aliyejiuliza simba mwenyewe amebaki na nini. Mimi nilipanda mara ya mwisho nikiwa mwanafunzi, na siku hiyo macho yangu yaliishia kwa wale wasichana waliochorwa mwambani.

Tulipanda tarehe 11. Malalamiko yangu ni haya:

1. Simba hana kichwa. Ana miguu miwili ya mbele, yenye kucha nzuri ambazo siwezi kuzikosoa. Katikati ni ngazi. Juu ya ngazi ni anga. Bwana Msimamizi, nikikuuzia chungu cha mtindi, ukafika nyumbani ukakuta mfuniko tu, sidhani utaniambia, "Si kitu, ni cha kale."

2. Mlinzi wenu hakuwa na maelezo. Mama wa kijana, Bi Kusumalatha, alisimama kati ya kucha akihema, akamwuliza:

"Mwanangu, mdomo uko wapi?"

"Ulianguka, mama."

"Lini?"

"Zamani sana. Mimi nilikuwa sijazaliwa."

"Na tangu siku hiyo hamjauokota?"

Mlinzi akatazama viatu vyake. Je, hilo ni jibu la ofisi?

3. Kukosekana kwa mdomo kulitulazimisha kutumia miavuli. Saa ya heri ilikuwa imekaribia, basi shemeji yangu Karunadasa akafungua miwili, mmoja juu na mmoja chini, akaanza kunguruma. "Piteni upesi, wanangu, simba anachoka mikono!" Bi Kusumalatha akasema hakumzaa mwanawe ili amezwe na mwavuli. Karunadasa akamjibu, "Dada yangu, mfalme aliyejenga ngome hii alimzika baba yake ukutani angali hai, na bado watu wanakuja kumsifu. Sisi ni mwavuli tu!" Hoja hiyo haikutusaidia.

4. Ngurumo iliwaamsha nyigu. Mabango yenu yanataka watu wanyamaze, na hilo sibishi. Lakini kichwa kingekuwepo, Karunadasa asingenguruma. Nyigu mmoja alimuuma Thusitha mdomoni, mdomo ukavimba kama papai. Unajua tunavyosema hapa, kwamba nyigu wa Sigiriya huwauma wenye dhambi. Mlinzi wenu, ambaye alikuwa amekosa maneno, sasa aliyapata, akalisema hilo kwa sauti mbele ya mama mtu, sote tukiwa tumebanana katika kile kizimba cha wavu mlichoweka watu wajifiche nyigu. Saa ya heri ilipita tukiwa humo humo.

5. Jana Bi Kusumalatha alileta ujumbe: "Mdomo ukipatikana tutarudi. Usipopatikana, binti yako na aolewe na kucha." Dulanjali ana miaka ishirini na tisa, nami sina haja ya kuihesabu kwa kuwa majirani wananisaidia. Yeye halalamiki. Anafunga vyungu huku akiimba tangu asubuhi, na kuimba huko ndiko kunakonikata maini, maana najua anaficha majonzi.

Kwa hiyo naomba kichwa kijengwe upya, kwa matofali na chokaa, mdomo ukiwa wazi, upana wa kutosha maharusi wawili na mama mkwe mmoja, kabla ya mwezi mpevu wa Poson, sikukuu yetu ya Juni. Karunadasa hutengeneza simba wa saruji wa kuweka kwenye malango ya watu, naye yuko tayari. Simba wake hufanana na mbwa aliyepewa habari za msiba, lakini wote wamefungua midomo. Wataalamu wenu wakisema hakuna ajuaye kichwa cha kwanza kilifanana vipi, basi hakuna pia atakayeweza kusema tumekosea.

Wasalimie walinzi, wakata tiketi, wale wasichana wa mwambani, na nyigu wote isipokuwa mmoja.

Mimi jirani yako mwenye subira,
T. Ekanayake

N.B. Nilimpa Dulanjali barua hii aitie katika bahasha. Ameisoma, amekaa chini, na ameniambia:

"Baba, usiipeleke. Mimi ndiye niliyemwendea Mzee Punchirala. Nilimwomba atafute dawa isiyowezekana."

Nikamwuliza kijana ana kosa gani.

"Kila akinipigia simu ananieleza gari lake linavyokula mafuta. Hajaniuliza hata siku moja kama mimi nimekula."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenikasirikia."

"Na sasa sijakasirika?"

"Umekasirika, baba, lakini umemkasirikia simba."

Hivyo, Bwana Msimamizi, nayafuta malalamiko yote matano. Simba wenu yuko vizuri sana alivyo. Barua naituma hata hivyo, kwa kuwa nasikia Bi Kusumalatha naye amewaandikia akidai kichwa. Msimsikilize. Akiwashinda, nakusihi, mdomo ujengwe umefungwa.