Mwewe Wangu Anapumzika Tu

Jumatatu, 2 Juni

Mwewe amekufa. Naandika hapa tu, na neno lisitoke hapa. Guta langu jipya la matairi matatu, chapa Mwewe, nailoni ya kiti bado haijabanduliwa! Lilikuwa limebeba magunia ya mpunga ya watu kutoka Busale. Moshi mweupe, mlio mmoja mbaya, kisha kimya. Andongwisye, dereva wangu, akapiga simu kusema injini imenoki. Nikamwambia imepumzika. Akasema basi bosi, hilo ni lile pumziko la milele. Kijana hana adabu kabisa.

Limeletwa nyumbani likikokotwa na ng'ombe. Ng'ombe! Nikawabembeleza wenye ng'ombe wapite njia ya mashambani, watu wasione. Nimelifunika turubai.

Balaa ni kwamba mimi ndiye mwenyekiti wa kundi la WhatsApp la wenye Mwewe wa Kyela. Wengi walinunua kwa maneno yangu. Juzi tu niliandika kundini, herufi kubwa tupu, kwamba MWEWE HAFI INJINI, anauawa na wazembe wasiobadilisha oili. Tena muuzaji wa Mbeya alishaninong'oneza kwamba wakala wa Kyela atateuliwa karibuni, na atakuwa mtu ambaye guta lake halijawahi kusumbua. Wakala! Kibao barabarani chenye jina langu, Marcel. Sasa nitasemaje limekufa?

Jovina, mke wangu, aliliona kupitia dirisha la jikoni, akarudi kwenye cherehani yake. Heri angenigombeza. Nyumba tunayojenga Bujonde imebaki kuta tupu kwa sababu hela yake niliinunulia guta hili, na mvua zote za masika zimenyesha sebuleni. Bati zipo, amezinunua mwenyewe kwa kushona sare za shule, zimelala stoo. Amenikataza hata kuziegemea.

Jumanne, 3 Juni

Manyunyu tangu alfajiri. Niliamshwa na Mwewe wa jirani yangu, Mwalimu Ebenezer. Tulinunua wiki moja, mimi na yeye. La kwake linawaka kila siku bila kukosa. Linanguruma, jogoo anawika, linanguruma tena, kimya. Kila alfajiri hivyo hivyo, jogoo pale pale katikati. Hata kuku wa yule bwana wana nidhamu. Roho iliniuma, chai haikupita.

Kundini leo moto umewaka. Amon, yule mnunuzi wa kakao, ameuliza kama ni kweli injini za Mwewe zinakufa sana au ni maneno ya wenye wivu. Akasema yeye amesikia zilizokufa tatu, kila moja ya mtu fulani asiyetajwa. Ambrose akajibu kwamba tatu si kitu, hata pikipiki za zamani zilikuwa zinakufa. Doreen, muuguzi, akasema ugonjwa ukichukua watatu mtaa mmoja, kwao kazini hawauiti bahati mbaya, wanauita mlipuko. Mwanamke huyu anapenda kutisha watu! Nikaandika kama mwenyekiti kwamba hizo hazikufa, zilizimia. Mwalimu Ebenezer akaniunga mkono, akasema la kwake linawaka kila alfajiri na majirani ni mashahidi. Ilinibidi niandike kwamba ni kweli, mimi nasikia. Vidole vilikuwa vizito.

Kisha Doreen akauliza ni nani hasa aliyekufa injini, ajitaje. Mwishowe Amon akatuma picha ya maua ya kututakia siku njema.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata akili! Kwenye simu ninayo video ya siku Mwewe alipofika, Februari, akinguruma hapa uani. Spika ya kwaya naitunza mimi. Alfajiri, Ebenezer alipomaliza kelele zake, nikaiweka spika chini ya turubai, nikafungulia sauti yote. Ngurumo safi! Upande wa pili wa ua nikasikia mlango wa Ebenezer ukifunguliwa. Alisimama kusikiliza. Aumie na yeye kidogo.

Kasoro moja. Mwisho wa video Jovina anacheka, anaita, "Baba Eliza, njoo bwana, chai inapoa!" Sijui namna ya kuikata sauti.

Niliporudi ndani nilimkuta amekaa na taa ya cherehani, anajisikiliza. Akaniuliza ile ni lini. Nikasema Februari. Akasema alidhani ni mwanamke mwingine.

Alhamisi, 5 Juni

Habari kubwa. Mtu wa kampuni anatoka Dar na injini mpya nyuma ya gari. Jumamosi atakutana na wenye Mwewe katika ukumbi wa kanisa. Aliyefiwa na injini aseme, abadilishiwe bure. Bure!

Jovina alikuwa amesoma kabla yangu, Doreen alimtumia. Akaacha kushona. Akasema anataka kitu kimoja tu kutoka kwangu, kwamba Jumamosi nisimame, niseme Mwewe wangu amekufa. Sentensi moja. Guta litafanya kazi msimu huu wa mpunga, tutapaua. Nisiposema, yeye anakwenda kwa mdogo wake Prisca, Mbeya, na hataki kusikia tena habari ya guta wala ya nyumba. Hakupandisha sauti. Angepandisha ningejua pa kuanzia.

Nikaahidi. Kwa moyo wote, kweli.

Ila nimefikiria usiku kucha. Wakala naye atateuliwa huko huko. Nikisema wa kwanza, kibao kinakwenda kwa Ebenezer. Lazima asimame mwingine kwanza, na atakuwepo tu, haiwezekani nife mimi peke yangu. Akishasimama mmoja, nami nasimama kwa kumwonea huruma, kumbe napata injini. Mpango hauna tundu.

Jumamosi, 7 Juni

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Ukumbi ulijaa. Nje palikuwa na bodaboda nyingi, Mwewe hata mmoja. Nikafikiri, watu wa Kyela wanajua kutunza vitu, hawavitoi kwenye matope. Mimi nilisema nimekuja kwa miguu kwa ajili ya presha. Ambrose naye presha. Amon miguu ilihitaji mazoezi. Mwalimu Ebenezer aliketi mbele yangu, shingo imekakamaa.

Mtu wa kampuni ni kijana mpole. Aliuliza, nani injini yake imekufa? Gari lenye masanduku lilikuwa mlangoni, tunaliona sote. Nikamtazama Ebenezer. Ebenezer akageuka, akanitazama mimi. Nikatabasamu. Akatabasamu. Doreen akamtazama Ambrose, Ambrose akatazama dari. Kijana akauliza tena, akasema hakuna aibu, ni kosa la kiwandani. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na Jovina alikuwa amesimama pale, amejifunga khanga yake ya safari. Nilimwona. Naapa nilianza kuinuka.

Nilipoinuka, kijana akasema, karibu mwenyekiti. Watu wakapiga makofi! Sijui kilichonipata. Makofi yana kitu. Nikajikuta nasema kwamba kwa niaba ya Kyela tunaishukuru kampuni, na hapa kwetu injini hazijafa, tunasikia tu za mbali. Watu wakapiga makofi tena, kwa nguvu, kama waliookoka. Nilipogeuka, mlango wa nyuma ulikuwa mtupu.

Kijana akafurahi sana. Akasema basi, kwa kuwa Kyela hakuna tatizo, injini atazipeleka wilaya nyingine wanakolia. Na wakala naye atawekwa huko huko, kwenye kazi. Sisi akatugawia kofia.

Baada ya hapo Doreen aliniomba nimrudishe nyumbani kwa Mwewe wangu. Nikamkumbusha presha. Akasema hata yeye la kwake ameliacha nyumbani, linapumzika. Mtu mwenye bahati, yule. Tukasimama wote barabarani na kofia zetu mpya, tunagombania bodaboda.

Jumapili, 8 Juni

Jovina ameondoka na basi la kwanza la Mbeya. Amechukua cherehani. Nilimsindikiza hadi stendi, nikamwambia ni suala la siku chache, nina mpango. Akacheka kidogo, si kama kwenye video. Akasema mipango yangu anaijua, inaishi vizuri kuliko yeye. Akaniomba kitu kimoja, bati nisiziguse, ni za mtoto wetu Eliza, hata kama yeye Jovina hazihitaji tena. Nikaapa.

Nilirudi nikapiga spika kama kawaida, ingawa kumekucha. Chai inapoa, Baba Eliza. Nilisimama pale uani muda mrefu. Hakukuwa na chai.

Jumatano, 11 Juni

Siku njema kabisa! Nitaiandika polepole.

Mwalimu Ebenezer alikuja kwenye ua asubuhi. Nilimwamkia mugonile, akaitika vizuri. Akasimama anachezea kofia ile ya kampuni. Akasema ananionea wivu. Tangu afiwe na mkewe nyumba yake haina sauti, na kila alfajiri anasikia mama anavyoniita chai kwa furaha ile ile, haichoki. Akasema ni jambo la kushukuru. Nikamshukuru, ndaga, Mwalimu.

Kisha akafika kwenye shida yake. Anataka kupaua jiko lake, hana bati. Angekuwa na mtu mwenye bati, angempa Mwewe wake, mzima mzima. Mwewe anayewaka kila alfajiri! Kwa bati! Mtu akiwa na majonzi hajui tena thamani ya vitu. Nilifikiri kwa uangalifu, karibu dakika nzima. Guta zima msimu wa mpunga, magunia ya Busale, ndani ya mwezi narudisha bati mara mbili, Jovina anashuka kwenye basi anakuta nyumba imepauliwa. Kugusa si kugusa kama kitu kitarudi.

Tulizihamisha bati bila kelele. Mwewe tukamsukuma, kwa sababu Mwalimu anasema ametiwa oili mpya na haifai kuwashwa mpaka itulie, hata juma zima. Huo ndio utunzaji! Majani yalikuwa yameota mpaka juu ya matairi. Ile pembe ya uwanja wake ina rutuba ajabu. Sasa nina Mwewe wawili chini ya turubai, na Andongwisye alipowaona aliketi chini. Furaha, nadhani.

Jambo moja tu limeniudhi. Wakati wa kuagana nilimwuliza Mwalimu kama na yule jogoo yumo kwenye makubaliano, maana nimezoea kumsikia katikati ya ngurumo. Akanitazama sana. Akasema hajawahi kufuga kuku.

Mchoyo wa watu! Bati zote zile, na jogoo ananificha. Nimemwaga mpunga kidogo kando ya ua. Akijileta mwenyewe, huo si wizi.