Viza Yangu na Kisanduku cha Juu Kulia

Jumatatu, 5 Mei

Viza yangu ya ustaafu inaisha Ijumaa ya wiki ijayo. Siku kumi na moja. Mtu mwingine angeanza kuhaha. Mimi nimekunywa chai, nikachonga penseli mbili.

Nimekaa masjala miaka thelathini na mmoja. Faili zote za wizara zilipita mikononi mwangu, na zile ambazo hazikupita hazikufika popote. Leo natakiwa kujaza fomu ya kurasa nne ili niendelee kuishi ugenini karibu na binti yangu. Kurasa nne! Ni kama kumpima mpishi kwa kumwambia achemshe maji.

Bibi, mke wangu, alihuisha yake mwezi uliopita. Alikwenda asubuhi, akachukua namba, akakaa kwenye foleni, akarudi na viza pamoja na nyanya. Nimemwambia ile ilikuwa bahati. Amesema sawa, akaendelea kumenya vitunguu.

Mkwe wangu, ambaye kila kitu hukisoma kwenye simu, ananiambia nikichelewa hata siku moja itabidi nitoke nje ya nchi, niombe upya huko huko, nisubiri miezi mitatu. Na binti yetu anatarajia kujifungua karibu na tarehe ishirini. Mjukuu wa kwanza. Nimewaambia watulie. Mambo ya ofisi wamwachie mtu aliyezaliwa ofisini.

Fomu nimeijaza kwa mwandiko wa kusimama. Ila juu kulia pana kisanduku kitupu, kimeandikwa "Kwa matumizi ya ofisi". Nilikitazama mpaka macho yakaniuma. Sasa, siku ya kuagwa kwangu kazini, muhuri wangu wa zamani kwa namna moja au nyingine uliingia mkobani pamoja na saa ya ukutani niliyozawadiwa. Nikautoa. IMEPOKELEWA, na tarehe ya leo. Umekaa katikati kabisa, haukupinda hata chembe. Nimewapunguzia kazi.

Jumanne, 6 Mei

Wenye shughuli zao hawachukui namba. Nilivaa koti la kazini, kalamu sikioni, faili kwapani, nikaipita foleni kwa mwendo wa mtu aliyechelewa mkutano. Mlinzi akanipigia saluti! Nikasukuma mlango wa pili. Jikoni. Mama wa chai akaniuliza kama ni mimi niliyeletwa kumsaidia zamu. Kukataa kungeniumbua. Nimepeleka chai vyumba sita. Chumba cha nne wamelalamika sukari.

Saa tano nikatokea mlango wa nyuma, nikazunguka, nikachukua namba. Mia moja na kumi na mbili.

Lakini sikilizeni! Binti wa dirisha namba tatu aliitazama fomu, akaona kisanduku, akasema, "Aa, mzee wangu, hii mbona imeshapokelewa." Akaitia kwenye trei la nyuma yake, akaita mia moja na kumi na tatu. Nusu dakika!

Mkaguzi yake ilimchukua asubuhi nzima. Mkaguzi ni mstaafu mwenzangu wa ghorofa ya juu. Alikuwa mkaguzi wa shule, na mpaka leo anakagua, hasa mimi. Viza yake aliipata wiki jana na ameshaionyesha jengo zima, pamoja na fundi wa lifti.

Bibi ameuliza risiti iko wapi. Nikamweleza kwamba mambo yakienda kwa wepesi namna hii, risiti ni ya nini? Akanitazama vile anavyotazama maziwa ya juzi.

Alhamisi, 8 Mei

Hakuna ujumbe. Mkaguzi amekuja kuazima pasi ya nguo. Amesema yeye aliletewa ujumbe kesho yake tu. "Kesho yake tu" amelirudia mara tatu, pasi mkononi, na bado haondoki.

Kwa uzoefu wangu, faili lisilosukumwa hulala. Kusukuma kuna adabu yake. Nilichukua ua la Bibi barazani, lile jekundu la kwenye chungu, nikaliweka pembeni ya dirisha namba tatu wakati binti ameinama. Nikajiondokea taratibu, kiungwana. Moyoni nilijua akiliona atamkumbuka mzee wa watu.

Kipaza sauti kikatangaza kitu kisicho na mwenyewe. Tukatolewa nje jengo zima. Nilisimama juani dakika arobaini pamoja na watu mia mbili, nikilaani kwa sauti huyo mjinga aliyefanya mambo hayo. Mama wa chai alikuwa karibu yangu. Amesema mimi ndiye msaidizi bora aliyewahi kumpata na kwa nini jana sikuja.

Ua limepelekwa chumba cha vitu vilivyosahaulika. Kulichukua lazima uchukue namba. Bibi ameuliza liko wapi. Nimesema nimelipeleka likapate jua. Si uongo, jua lilipata.

Ijumaa, 9 Mei

Barua kwa Mkuu wa Ofisi. Aya saba. "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Nilipoisoma kwa sauti, mimi mwenyewe nilijiogopa. Nakala kwa Mkaguzi, ili ajue ninaandikiana na nani.

Kabla ya kuipeleka nikaona juu kulia panapwaya. Nikagonga. IMEPOKELEWA. Sasa ni barua.

Mapokezi wameitazama, wakasema hii imeshaingia, wakaipitisha ndani moja kwa moja. Ofisi inaendeshwa vizuri mno, hii. Inabidi niwapongeze kwa barua nyingine.

Jumatatu, 12 Mei

Kimya. Siku nne zimebaki.

Nimepiga simu. Nikakaza sauti, nikasema naongea kutoka ngazi za juu, na kwamba kuna mzee fulani mheshimiwa, mstaafu, faili lake limekwama na wakubwa wanauliza. Nilitaja jina langu kwa uzito. Aliyepokea, yule binti wa dirisha namba tatu, akaniuliza kwa upole kama mimi ndiye mzee wa ua.

Nilikata. Nimegundua kwamba dirishani pale kuna kamera.

Mkaguzi amerudisha pasi. Imeungua mpini. Amesema hajui imekuwaje, halafu akaniuliza kama nimeshaanza kufunga mizigo. Nikacheka. Kicheko kilitoka vibaya, akaniletea maji.

Jumanne, 13 Mei

Binti yetu alishikwa na uchungu mchana. Mkwe alivaa viatu viwili tofauti. Kumbe bado. Daktari amewarudisha nyumbani.

Nilikaa naye kitandani pembeni. Akanishika mkono, akauliza, "Baba, viza imetoka?" Nikasema ipo njiani. Akafumba macho, akasema basi hana wasiwasi, kwa sababu tangu utotoni karatasi zake zote nilizishughulikia mimi.

Niliondoka pale nikiwa mdogo. Sikuandika barua yoyote leo.

Jumatano, 14 Mei

Mkwe ametafuta ombi langu kwenye simu yake. Ikaandika: hakuna ombi lililopokelewa kwa jina hili. Nikamwambia simu haina adabu. Halijapokelewa vipi, na muhuri niliuona kwa macho yangu?

Akaniuliza niliuona wapi. Nikamwambia kwenye fomu. Akauliza nani aliugonga. Nikaona afadhali niende msalani.

Nilipotoka Bibi alikuwa ameshusha sanduku langu juu ya kabati. Alikuwa analifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, pole pole, pembe zote nne. Miaka arobaini na moja ya ndoa, na sijawahi kuogopa kitambaa kama leo. Akasema kesho tunakwenda wote wawili, yeye atasema, mimi nitanyamaza.

Miezi mitatu! Mtoto atakuwa ameshajifunza kucheka. Atakuwa anamchekea Mkaguzi.

Alhamisi, 15 Mei

Bibi alichukua namba. Tukakaa. Saa mbili nzima kwenye viti vya plastiki, kama watu wa kawaida. Mlinzi hakunipigia saluti.

Dirisha namba tatu. Bibi akaeleza kwa maneno manane, nimeyahesabu. Binti akageuka, akafukua trei la nyuma, na chini kabisa fomu yangu, na juu yake barua yangu ya aya saba. Mambo yaliyokwisha kupokelewa, kumbe, husubiri mtu wa kuja kuyachukua. Na huyo mtu huja na orodha ya risiti. Na risiti hutoka kwa aliyepokea. Na hapakuwa na aliyepokea.

Akauinamia muhuri. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, taratibu, yale maandishi madogo ya kuzunguka: jina la wizara yangu, nchi yangu, na neno MASJALA. Akaniuliza ni nani aliyegonga. Bibi akatazama dari. Mimi pia nikatazama dari. Ni dari zuri.

Akaitwa bosi wake. Mwanamume wa mvi, sweta, kalamu tatu mfukoni. Nikajua nimekwisha. Akaniuliza huo muhuri uko wapi. Nikautoa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Bibi akasema hewani, si kwangu, kwamba amemwona mwanamume aliyekuja na silaha mahali pa kosa.

Bosi akaupima uzito. Akaujaribu kwenye kipande cha karatasi. Mara ya pili. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mipini ya mbao kama hii haitengenezwi tena, sasa ni plastiki tupu, wino unavuja baada ya mwezi. Nikamwambia siri ni kuulaza kifudifudi kwenye pedi, usiusimamishe kamwe. Akasema hata yeye amewaambia vijana wake, hawasikii. Amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Tukazungumza kuhusu wino wa zambarau mpaka watu wa foleni wakaanza kukohoa.

Kisha akakumbuka cheo chake. Nijaze fomu mpya. Kisanduku nikiache kitupu. Muhuri ubaki pale, kwa sababu mgeni hapokei mambo kwenye ofisi ya wenyeji. Na ua langu nilichukue, linanyauka.

Nimeukabidhi. Miaka thelathini na mmoja, na nimetia saini kuukabidhi kama mwavuli uliookotwa. Fomu mpya nikaisukuma dirishani ikiwa uchi upande wa kulia. Binti akagonga wa kwao. Umepinda. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Bibi alikuwa amenikanyaga mguu.

Risiti nimepewa. Tukirudi tumenunua nyanya.

Ijumaa, 16 Mei

Imetoka! Saa nne asubuhi, siku ya mwisho kabisa. Mwaka mzima.

Nimepanda ghorofa ya juu kwa ngazi, lifti imeharibika. Nimemwonyesha Mkaguzi. Akatoa yake, tukazilaza mezani, tukazikagua. Yangu tarehe inasomeka vizuri zaidi. Yeye mwenyewe amekiri, au angalau amesema "mm".

Bibi amelirudisha sanduku juu ya kabati. Ua lipo barazani, limepungua majani mawili. Nimemwahidi mbele ya binti yetu kwamba tangu leo kila karatasi nitaipeleka ilivyo. Nimesema kwa moyo wote. Bibi alifuta chozi, ingawa alikuwa anakata kitunguu.

Jumatano, 21 Mei

Msichana! Jana alfajiri. Kilo tatu na nusu. Wamempa jina la mama yangu mzazi. Nilimpakata karibu na dirisha na nikashindwa kusema lolote, mimi ambaye hutoa aya saba bila kuvuta pumzi. Kidole changu alikishika kwa nguvu kama mtu aliyekuja kudai namba yake. Kama ningekuwa nje ya nchi leo, nadhani ningekufa kwa hasira.

Mkwe hajalala siku mbili. Amenipa fomu ya kusajili kizazi, niiteremshe dirisha la chini hapa hospitalini kabla ya saa sita. Akaniomba niipeleke tu. Akarudia: Baba, ipeleke tu.

Nikakaa kidogo kwenye benchi la ukumbi. Ukurasa mmoja. Mwandiko wa mkwe ni kuku aliyekanyaga wino, lakini jina linasomeka. Jina la mama yangu. Na juu kulia, kisanduku. Kitupu. Karatasi ya kwanza ya mjukuu wangu duniani, na iende hivi, kichwa wazi!

Bosi wa mvi alichukua muhuri wa IMEPOKELEWA. Hakuniuliza kama siku ya kuagwa niliondoka na mmoja tu.

IMESHUGHULIKIWA. Katikati kabisa. Haukupinda hata chembe.

Karani wa chini aliitazama, akatabasamu, akasema hii imeshashughulikiwa, babu, akanirudishia pale pale na kunipa pongezi. Nusu dakika! Wengine walikuwa kwenye foleni tangu asubuhi. Nimeikunja vizuri, nimeiweka kwenye mkoba ili isipotee, na nimewaambia juu kwamba kila kitu kipo sawa.